John Barry: aliyempa James Bond sauti kwa pauni 250

WENGI wetu tunamfahamu James Bond, yule jasusi wa Uingereza mwenye namba 007, asiyekufa, asiyechafua suti na asiyekosa usafiri wa kutorokea. Tangu mwaka 1962 hadi 2021 zilitolewa filamu 25 katika mfululizo huo, na waigizaji sita wakapokezana suti hiyo. Lakini nenda kwenye gereji za Buyenzi, au simama katika foleni ya malori, uulize ni nani aliyetengeneza zile sauti za gitaa na matarumbeta zinazomtangulia Bond kabla hajatokea. Utajibiwa kwa mluzi. Watu wataupiga wimbo huo bila kukosea hata nukta moja, na jina la fundi wake hawalijui.

Jina lake ni John Barry, Mwingereza aliyefariki dunia tarehe 30 Januari 2011 huko New York akiwa na umri wa miaka 77. Alitunga muziki wa filamu 11 za Bond. Huyo huyo ndiye aliyetunga muziki wa Born Free, ile filamu ya simba Elsa wa Kenya, na wa Out of Africa, iliyopigwa chini ya milima ya Ngong. Na huyo huyo mahakama haikumpa haki ya kuitwa mtunzi wa wimbo uliomfungulia njia. Sisi tuliorejea nchini na kukuta kesi za mashamba zinatungoja tuna sikio letu la kuisikiliza habari hiyo.

Msomaji anaweza kushangaa mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini kwa Barry. Mimi nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Miaka ya tisini tulikuwa tunalipia kuingia kibanda cha video, jenereta inanguruma nje, na ndani anasimama mtafsiri mwenye kipaza sauti. Wahusika wakianza kuzungumza, yeye anapunguza sauti ya deki na kuweka maneno yake. Bond wetu alikuwa anaongea Kiswahili cha Tabora, na mara nyingine alimtukana adui kwa matusi ambayo Mwingereza yeyote hakuyaandika. Muziki ukianza, mtafsiri anafungulia sauti yote na kunywa maji. Kwa hiyo kitu pekee kilichotufikia kutoka katika filamu yenyewe, bila kupita mdomo wa mtu, kilikuwa muziki. Ndiyo maana nikazijua filamu hizo kwa sikio kabla ya kuzijua kwa hadithi.

John Barry Prendergast alizaliwa tarehe 3 Novemba 1933 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alikuwa mpiga piano. Baba yake, mtu wa asili ya Ireland, alianza kazi ya kuendesha mashine za kuonyeshea sinema na baadaye akawa na majumba yake mwenyewe ya sinema. Mtoto akakulia humo. Aprili 1942, akiwa na umri wa miaka minane, ndege za Wajerumani ziliupiga mji wake kwa mabomu. Kijana alijifunza piano, kisha tarumbeta, na mafunzo ya utunzi akayapata kwa Francis Jackson, aliyekuwa kiongozi wa muziki wa kanisa kuu la York.

Kisha likaja jeshi. Wakati ule kila kijana wa Uingereza alilazimika kulitumikia, naye akapelekwa Misri na Cyprus, ambako alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi. Akiwa huko alijiandikisha kusoma kupanga muziki wa jazi kwa njia ya posta, mwalimu wake akiwa Bill Russo, Mmarekani. Wale mliosoma kwa posta ughaibuni mnajua ugumu wake: unafanya zoezi, unalipa stempu, unangoja wiki na wiki, na jibu linarudi na wino mwekundu wakati wewe umeshasahau swali. Barry alivumilia, na elimu hiyo ya bahasha ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Mwaka 1957 aliunda kundi lake, John Barry Seven. Halikuwa kundi la ajabu. Lililomtoa ni ufundi wa kuwapangia wengine muziki, hasa kijana mwimbaji Adam Faith, ambaye mwaka 1959 alishika namba moja Uingereza kwa wimbo What Do You Want?, fidla zikidonolewa kwa vidole nyuma ya sauti yake. Mwaka uliofuata Barry alitunga muziki wa filamu yake ya kwanza, Beat Girl. Hivyo mwaka 1962, watengenezaji wa filamu iitwayo Dr. No walipobanwa na muda, kulikuwa na kijana wa miaka 28 mjini London aliyejulikana kuwa anafanya kazi haraka na haogopi gitaa la umeme.

Hapo inabidi twende polepole.

Muziki wa Dr. No alikuwa amepewa mtu mwingine, Monty Norman, mtunzi wa maigizo ya nyimbo. Norman alikwenda Jamaika, filamu ilikopigwa, akatunga nyimbo za kule kisiwani. Lakini wimbo wa kumtambulisha Bond mwenyewe ulikuwa haujawaridhisha wakubwa. Norman akarudi kwenye kabati lake na kutoa wimbo aliowahi kuutunga kwa ajili ya igizo ambalo halikufika jukwaani, lililotokana na kitabu cha V.S. Naipaul kuhusu bwana Biswas, Mhindi wa Trinidad anayehangaika maisha yake yote kupata nyumba ya kwake. Wimbo huo ulikuwa na mwendo wa Kihindi. Akaupunguza, akaukata kata noti zake. Barry akaitwa kuupanga upya.

Malipo yalikuwa pauni 250, mara moja, basi. Hakuna mirabaha. Jina la mtunzi lingebaki la Norman. Barry alikubali, kwa matumaini kwamba kazi hiyo ingezaa nyingine. Aliukabidhi ule mstari mkali kwa Vic Flick, mpiga gitaa wa kundi lake, akamwambia aupige kwa nguvu kwenye nyuzi nene, na juu yake akapandisha matarumbeta ya jazi ya bendi kubwa. Filamu ilipotoka, Barry alikwenda kuitazama kama mteja mwingine. Yeye alidhani kauza wimbo wa kufungulia filamu. Akakuta umepigwa kila mahali: Bond akiingia chumbani, Bond akitembea uwanja wa ndege, Bond akifanya jambo na asipofanya.

Mfanyabiashara wa mpakani ataitambua haraka biashara hii. Umeuza mzigo kwa jumla upande huu, hujui bei ya upande ule, na jioni unamkuta mnunuzi anaupima kwa vikombe kwa faida mara kumi. Huwezi kusema umeibiwa, kwa sababu mkono uliupeana mwenyewe. Huwezi pia kulala.

Mzozo ulilala miaka mingi, kisha ukaamka. Mwaka 1997 gazeti la Sunday Times la London liliandika kwamba mtunzi wa kweli wa wimbo wa Bond ni Barry, si Norman. Norman akalishtaki gazeti kwa kumchafulia jina. Kesi ilisikilizwa mwaka 2001 katika Mahakama Kuu ya London, Barry akapanda kizimbani kama shahidi upande wa gazeti, akaeleza kwamba wimbo ni wake na kwamba jina liliachwa kwa Norman kwa makubaliano. Norman akauleta ule wimbo wa bwana Biswas, mstari kwa mstari. Baraza la wazee wa mahakama likampa ushindi Norman, na gazeti likaamriwa kumlipa pauni 30,000. Wakati huo mirabaha aliyokwisha kuipokea kwa wimbo huo ilikuwa mamia ya maelfu ya pauni.

Nani alikuwa na haki? Nimeusikiliza wimbo huo pande zote mbili, na maoni yangu ni kwamba wote wawili walisema kweli. Ukiondoa gitaa na matarumbeta, ile mbegu ni ya Norman, haina ubishi. Lakini hakuna mtu duniani anayepiga mluzi wa mbegu. Tunapiga mluzi wa mti, na mti huo ulipandwa, ukamwagiliwa na ukapogolewa na Barry. Nchi hii imejaa kesi za aina hiyo. Mtu alikimbia Rumonge mwaka 1972 na kuacha shamba la baba yake, mwingine akapewa au akajipa, akapanda michikichi, akazaa watoto chini ya michikichi hiyo, na baada ya miaka thelathini na zaidi mwenye asili anarudi na jina la mto na la jiwe la mpaka kichwani. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilisikiliza kesi hizo kwa maelfu. Mwenye ardhi ana haki, na mwenye michikichi ana jasho, na sijaona bado hukumu iliyowarudisha wote wawili nyumbani wakiwa wameridhika. Hata kwetu Afrika ya Mashariki wimbo wa Malaika una ugomvi wake: Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kuusambaza, na Adam Salim akadai kwamba aliutunga yeye. Wote wameshatangulia mbele ya haki, na ubishi unaendelea barazani.

Tofauti ni kwamba Barry hakukaa chini kulilia pauni zake. Mwaka 1963 alipewa From Russia with Love, na mwaka 1964 akapewa Goldfinger, wimbo na muziki wote. Hapa ndipo alipojenga nyumba yake mwenyewe. Aliyeimba ni Shirley Bassey, binti wa baharia Mnigeria aliyezaliwa Cardiff, mwenye sauti inayoingia kama mlango uliopigwa teke. Mmoja wa watengenezaji wa filamu aliuchukia wimbo huo na kutaka utolewe, lakini muda ulikuwa umekwisha. Mwaka 1965 sahani ya santuri ya Goldfinger ilishika namba moja Marekani, enzi ya The Beatles.

Watu wakikutana kubishana kuhusu muziki wa Bond, wengi huishia kwenye Goldfinger. Mimi siishii hapo. Ni muziki wa kujitangaza, mzuri kwa kuingilia harusini. Katika You Only Live Twice ya mwaka 1967 Barry alifanya jambo la busara zaidi. Kuna sehemu chombo cha angani kinamezwa na kingine, polepole, kama chatu anavyommeza mbuzi. Mtunzi mwingine angejaza ngoma na kelele. Barry ameweka mwendo wa taratibu, noti chache zinazojirudia, matarumbeta ya chini yakisogea kama jeneza. Hiyo ndiyo siri yake: picha ikikimbia, yeye anatembea. Wimbo wenyewe, ulioimbwa na Nancy Sinatra, unafunguliwa na fidla zinazoshuka ngazi, na vijana wa zamani watazikumbuka fidla hizo kutoka kwa Robbie Williams, aliyezitumia katika Millennium mwaka 1998.

Chaguo langu ni On Her Majesty's Secret Service, ya mwaka 1969. Bond wa filamu hiyo, George Lazenby, alicheza mara moja tu, na pale kibandani kwetu watu walimzomea kwa kuwa si Sean Connery. Muziki ulimwokoa. Wimbo wa ufunguzi hauna maneno. Barry ametumia kinanda cha umeme cha Moog kunguruma chini, na juu yake matarumbeta yanakimbizana. Sisi tulikuwa hatujawahi kuona theluji, hatujui mtu anatelezaje mlimani juu ya vipande viwili vya mbao, lakini muziki ulitueleza kwamba anayekimbizwa anaweza kufa. Katikati ya filamu anasikika Louis Armstrong akiimba We Have All the Time in the World, maneno ya Hal David. Armstrong, ambaye mwaka 1960 alipiga tarumbeta lake mpaka Kongo, alikuwa mgonjwa aliporekodi, akafariki Julai 1971. Wimbo unasema habari ya kuwa na muda, na anayeuimba muda wake umekwisha, na katika filamu bibi harusi anauawa saa chache baada ya ndoa. Sijui filamu nyingine ya Bond inayothubutu kumalizika hivyo.

Watetezi wa Live and Let Die ya mwaka 1973 watanipinga. Muziki wake ulitungwa na George Martin, na wimbo wa Paul McCartney unavuma kweli. Lakini ukitoa wimbo huo, filamu inabaki na nguo ya kuazima. Vivyo hivyo The Spy Who Loved Me ya mwaka 1977, kazi ya Marvin Hamlisch, wimbo mtamu na muziki wa disko uliozeeka haraka. Na Casino Royale ya mwaka 2006, ambayo sehemu yake inaelezwa kuwa Mbale, Uganda, ina ujanja mmoja ninaousifu: David Arnold anauficha wimbo wa Bond karibu filamu nzima na kuufungulia mwishoni, Bond anapotaja jina lake. Arnold alikuwa mwanafunzi wa Barry kwa masikio, na Barry mwenyewe ndiye aliyempendekeza kwa wenye filamu.

Kwa nini Barry hakutunga zile za katikati? Moja ya sababu itawachekesha wasomaji wa mpakani: kodi. Mwaka 1975 alihamia Marekani, na baadaye jaji wa Uingereza akamtuhumu kuwa alihama ili kukwepa deni la kodi la pauni 134,000. Kwa miaka kadhaa kufanya kazi nyumbani ikawa taabu, ndiyo maana muziki wa Moonraker ya mwaka 1979 ulirekodiwa Paris. Jambo hilo lilimalizwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Siwezi kuulinganisha ukimbizi wa mtu mwenye piano na bwawa la kuogelea na ule wa mama zetu waliovuka Malagarasi. Hata hivyo ni mtu aliyeishi miaka akiiwaza barabara ya kwao na asiipite.

Tuje kwenye Afrika yake. Mwaka 1964, kwa filamu ya Zulu, alizichukua nyimbo na mikanyago ya Wazulu na kuzijengea muziki wa okestra. Miaka miwili baadaye akaifanyia muziki Born Free, iliyopigwa Kenya kutoka katika kitabu cha Joy Adamson, na humo hakuna ngoma ya Kenya ya kutajwa. Ni wimbo mtamu wa watoto wa Ulaya, ulioimbwa na Matt Monro. Ulimletea tuzo mbili za Oscar kwa mpigo. Out of Africa ya mwaka 1985 ilimletea nyingine. Mwongozaji wake, Sydney Pollack, alifikiria kutumia muziki wa Kiafrika, na Barry akamshawishi kwamba hadithi ni ya mapenzi ya watu wawili, basi muziki ufuate mioyo yao. Kwa filamu alikuwa sahihi. Ndege ndogo inapoinuka juu ya bonde na fidla zikafunguka, hata mtu asiyependa walowezi anashika pumzi. Lakini ni nchi inayotazamwa kutoka juu, na waliokuwa chini wakichuma kahawa hawana fidla. Nikiwaonyesha wanafunzi wangu sehemu hiyo huwa nawauliza wao wangemwekea muziki gani mchuma kahawa. Mmoja alijibu umuduri. Mwingine akasema bongo fleva, na darasa likavunjika.

Mwaka 1985 huo huo alifanya A View to a Kill pamoja na Duran Duran, wimbo wa Bond uliofika namba moja Marekani. Mwaka 1987 akamaliza na Bond kwa The Living Daylights, ambamo anaonekana kwa sekunde chache akiongoza okestra. Kisha mwaka 1988 umio lake lilipasuka baada ya kunywa kinywaji cha kujenga afya. Alipasuliwa, akakaa karibu miaka miwili bila kazi, na wengi wakamhesabu kuwa amekwisha. Akarudi na Dances with Wolves ya mwaka 1990, muziki wa mtu aliyeuona mlango wa pili na kurudi, na akapata Oscar ya tano. Nyingine alikuwa ameipata kwa The Lion in Winter ya mwaka 1968. Kwa kazi zake za Bond hakupewa hata moja.

Juni 2011, miezi mitano baada ya kifo chake, wanamuziki walikusanyika katika ukumbi wa Royal Albert, London, kumkumbuka, na Shirley Bassey akasimama kumwimbia. Monty Norman alifariki Julai 2022, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye ule wimbo mpaka leo. Vic Flick, wa gitaa, alimfuata Novemba 2024. Lakini Hans Zimmer alipotunga muziki wa No Time to Die, iliyotoka mwaka 2021, alikwenda kuchukua kipande cha On Her Majesty's Secret Service, na filamu ilipomalizika, Bond akiwa amekufa kwa mara ya kwanza tangu 1962, ikawekwa sauti ya Armstrong, miaka 50 tangu afariki na miaka 10 tangu Barry amfuate, akiimba kwamba muda wanao.